Uliza Afande Mstaafu: Polisi wa Lushoto walikuwa wa nani?

Katika toleo lililopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba Jeshi la Polisi la Tanganyika lilizaliwa Lushoto. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za usalama barabarani zikijumlishwa. Haya basi. Mwezi huu bodaboda wapumzike, tunapanda mlima.

*Shikamoo Afande. Nasoma sheria hapa Lushoto. Niliwaonyesha wenzangu ulichoandika wakanicheka. Wanasema makao makuu ya polisi wa nchi nzima hayawezi kuwa kwenye mji ambao ukipita na gari, kabla hujafunga dirisha umeshaumaliza. Ni kweli au ulitutania?* — Mwanachuo, Lushoto

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na hao wenzako wakulipie chai na chapati mbili.

Jeshi lilianzishwa kwa tangazo la serikali la tarehe 25 Agosti 1919. Makao makuu yake yakawekwa hapo hapo unaposoma, ila mji ulikuwa bado unaitwa Wilhelmstal, jina ulilopewa na Wajerumani kumtukuza mfalme wao. Aliyekabidhiwa usukani ni Mwingereza, Meja S. T. Davis. Kwa mujibu wa historia inayotolewa na Jeshi lenyewe, makao makuu yalibaki huko hadi 1930, yakahamia Dar es Salaam. Angalia hesabu hiyo: miaka kumi na moja. Hapo huwezi kusema walipiga kambi wakapita.

Kwa nini Lushoto? Wazee wa huko watakuambia Mjerumani alitaka kuufanya mji mkuu. Wazee nawaheshimu, lakini Mjerumani alikuwa na mji wake mkuu Dar es Salaam tangu 1891. Lushoto alipandia baridi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mbu ni wachache, na mzungu aliyechoshwa na homa za Tanga alikuwa akipumua vizuri akifika juu.

Aliyeifanya Lushoto kiti cha serikali ni Mwingereza, na aliyemlazimisha ni vita. Majeshi yake yaliingia kutoka Kenya mwaka 1916 yakifuata reli ya Tanga na Moshi. Ilipofika katikati ya mwaka Usambara ilikuwa mikononi mwao, na Septemba wakaichukua Dar es Salaam. Vita yenyewe haikuisha, ilisogea kusini tu, na Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani hakusalimu amri mpaka Novemba 1918. Sasa fikiria wewe ni Horace Byatt, umeletwa kusimamia utawala wa kiraia wa nchi ambayo nusu yake bado inapigana. Dar es Salaam imejaa wanajeshi na shehena zao. Ukitazama ramani, Lushoto iko juu ya Mombo, Mombo kuna stesheni, na reli hiyo Waingereza walikuwa wameshaiunganisha na ya Kenya kupitia Voi ili wasafirishe askari. Mezani kwako Wilhelmstal unaweza kupeleka barua Nairobi bila kuipitisha baharini. Na usiku unajifunika blanketi. Byatt akaweka ofisi huko.

Ofisi yake iliteremka Dar es Salaam mwaka 1919. Polisi wakabaki juu. Mimi hapo ndipo hunichekesha: afisa aliyeko Songea au Bukoba ameishiwa viatu vya askari wake, anaandika kwa Kamishna, na Kamishna yuko kwenye kilima cha Wasambaa akiota moto.

Kuhusu ukubwa wa mji, waambie wenzako wasiupime kwa gari. Na wao wenyewe, wanaosoma sheria kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoanzishwa kwa sheria ya 1991, ni ushahidi kwamba mambo ya pingu na hakimu hayajawahi kuhama sana huko juu.

*Afande, umesema Jeshi lilizaliwa 1919. Kwani kabla ya hapo watu walikuwa hawakamatwi? Bibi yetu alikuwa akisimulia habari za askari wa Mjerumani mpaka tukashindwa kulala.* — Msomaji, Korogwe

Walikuwa wakikamatwa, mama, tena sana. Nilichosema ni tarehe ya kuzaliwa kwa Jeshi hili tulilonalo. Bunduki na boma vilikuwepo zamani zaidi.

Twende taratibu. Kabla ya Mjerumani, mlima ulikuwa na mwenyewe. Simba Mwene, mfalme wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, alikaa Vugha, na kesi ya damu ilifika kwake. Mjerumani alipotaka kuonyesha kwamba mwamuzi amebadilika, hakutoa hotuba. Mwaka 1895 Mputa, mtoto wa Semboja, aliyekuwa amerithi kiti muda mfupi tu kabla, alishtakiwa kwamba ameamuru mtu auawe, na Wajerumani wakamnyonga. Mtu ambaye juzi alikuwa na mamlaka ya kuamua nani afe na nani aishi, leo ananing'inia kwa amri ya mgeni. Baada ya hapo nani alihitaji kuelezwa sheria mpya ni ya nani?

Askari wa kwanza wa Mjerumani hawakuwa watu wa hapa. Wissmann, kamanda wa Mjerumani, aliwaandikisha mwaka 1889, wakati wa vita ya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kumpinga Mjerumani: Wasudani kutoka Misri, na Wazulu na Washangani kutoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Kutoka humo likajitenga kundi la askari polisi, ambao hadi 1914 walikuwa wamezidi 2,000 kwa koloni zima. Hawa walikaa bomani chini ya bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, na kazi yao kubwa haikuwa kumtafuta mwizi wa kuku wako. Walisindikiza kodi. Kodi ya nyumba ilianza miaka ya 1897 na 1898, na nyumba ya kijijini ilitozwa rupia tatu. Jumbe wa kijiji anahesabu, akida aliye juu yake anadai, askari anasimama nyuma ya akida. Ukikaidi, kiboko. Hiyo "hamsa ishirini" ambayo bibi yako bila shaka aliitaja ni viboko ishirini na tano, na ilikuwa ikihesabiwa kwa sauti.

Wilaya ya Wilhelmstal iliongeza la kwake. Walowezi wa Usambara walikuwa wakilia hawapati watu wa kulima mashamba yao ya mkonge na kahawa. Mwaka 1907 wilaya ikaleta kipande: kila mwanamume mwenye nguvu apewe kadi, na katika kila miezi minne awe amefanya siku thelathini za kazi kwa mzungu. Siku ikikamilika, inatiwa alama. Asiyetimiza anakwenda kufanya kazi za serikali. Kwa hiyo askari akikusimamisha njiani Soni, hakukuuliza umeiba nini. Alikuuliza kadi yako ina alama ngapi.

Nimefanya kazi ya upolisi maisha yangu yote ya ujana na bado swali hilo linanikera, maana najua namna mtu anavyojibu akiulizwa barabarani na aliyeshika silaha. Anajibu haraka, anajibu vibaya, na tayari ameshakuwa mkosaji.

*Marehemu baba alikuwa akisema "polisi na magereza ni baba mmoja mama mmoja." Alikuwa na maana gani?* — Msomaji, Muheza

Alikuwa anasema ukweli wa kiofisi. Davis alikuwa Kamishna wa Polisi na Magereza, vyote viwili. Anayekukamata na anayekufungia mlango walikuwa wakihesabiwa idara moja. Magereza ilijitenga kuwa idara yake mwaka 1931. Mpaka leo askari wa pande hizi mbili wakikutana kwenye mpira hutaniana kama binamu, ila binamu mmoja hataki kukubali kwamba mwenzake ndiye mkubwa. Sitasema ni nani.

*Afande, babu yangu alikuwa tarishi wa baraza kule Mlalo. Kuna kilemba na mkanda wake nyumbani hadi leo. Ndugu zangu wanabishana: mmoja anasema babu alikuwa polisi, mwingine anasema alikuwa mtumishi wa chifu tu. Nani yuko sahihi?* — Msomaji, Mlalo

Ndugu yangu, swali lako ndilo nililokuwa nikilisubiri. Na babu yangu mzaa mama alikuwa tarishi vilevile, kwa hiyo usitegemee nitajibu kwa ufupi.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alipitisha sheria ya mamlaka za wenyeji. Machifu wakapewa mabaraza, hazina na mahakama zao, na wakapewa watu wa kupeleka wito na kukamata wasioitikia. Hao ndio matarishi. Askari polisi mwenye namba ya Jeshi alikuwa mjini, kwenye reli, karibu na mashamba makubwa. Ukipanda kwenda Mlalo au Mtae, huyo humwoni. Unayemwona ni tarishi.

Kwa hiyo kisheria ndugu yako wa pili yuko sahihi: babu hakuwa na namba, hakupita depo ya mafunzo, hakuvaa filimbi. Lakini ungemuuliza mama wa Mlalo mwaka 1950 polisi ni nani, angekuonyesha babu yako kwa kidole.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Baada ya vita ya pili ya dunia serikali ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko, ukaanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 kisha ukaenea Usambara. Kila kaya ichimbe matuta shambani, yaani ivunje mgongo juu ya mteremko ule, na asiyechimba afikishwe barazani atozwe faini. Nani anakwenda kuhesabu matuta? Tarishi. Shamba la nani? La shemeji yake. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba ukimwona tarishi anakuja na huku anaimba kwa sauti, ujue ni mtu mwema: anakupa nafasi ya kukimbilia mgombani. Anayekuja kimya, huyo muogope. Watu wa mlima waliugomea mpango ule mpaka serikali ikauacha mwaka 1957, na chifu na baraza lake wakatoka humo heshima imepungua sana. Mabwana waliopanga matuta walirudi ofisini. Tarishi alirudi kula harusi na watu aliowatoza faini.

Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963 na matarishi wakaondoka nao. Mwaka uliofuata Jeshi likapata mkuu wake wa kwanza Mwafrika, Elangwa Shaidi. Kazi ya tarishi yenyewe haikufa, imebadilisha majina: mgambo baada ya sheria ya 1973, sungusungu waliotokea Usukumani na Unyamwezini miaka ya themanini, halafu ulinzi shirikishi na polisi kata tulivyovisikia tangu 2006 alipoingia Said Mwema kuwa IGP, yaani mkuu wa Jeshi. Mkanda wa babu msiuuze.

*Habari za siku Afande. Mimi ni mtoto wa Lushoto, naishi kamji kadogo Iowa, Marekani. Hapa mji una polisi wake wenyewe. Mkuu wao anaajiriwa na meya na baraza la mji, bajeti yao inasomwa kwenye mkutano na kila mtu anaruhusiwa kuuliza kwa nini wamenunua gari jipya. Mbona Lushoto hatukuwahi kuwa na polisi wetu hivyo?* — Msomaji, Iowa

Njema, mwanangu, na pole na theluji.

Lushoto ilipata makao makuu ya polisi, lakini polisi wake yenyewe haijawahi kupata. Huko kwenu mji ulikuwepo kwanza, watu wakachoka na wezi, wakachanga, wakaajiri. Kwetu Jeshi lilishuka kutoka juu likiwa limekamilika, kamishna kwanza, kituo baadaye.

Mwingereza mwenyewe alikuwa na polisi wa aina mbili. London, tangu Robert Peel mwaka 1829, askari alitembea mtaani na kirungu bila bunduki. Ireland, ambako watu walikuwa hawamtaki, aliweka jeshi la polisi lenye bunduki, linalokaa kambini, linalopokea amri kutoka makao makuu peke yake, na askari hapangwi wilaya aliyozaliwa. Makoloni hayakuletewa ule wa London. Yaliletewa wa Ireland. Kambi, gwaride, bunduki stoo, uhamisho kila baada ya miaka michache: ukiona kota za polisi zimejipanga mstari nyuma ya kituo chochote Tanzania, unaangalia mpango huo.

Sisemi hivyo ili kulitukana Jeshi langu. Kutokuwa mwenyeji kuna faida yake. Nilipokuwa koplo kwenye kituo kimoja cha milimani (si lazima nikitaje), kesi ya mpaka wa shamba ikija nilikuwa sina mjomba upande wowote. Askari mwenyeji angelala wapi usiku ule? Lakini kuna hasara pia, na hasara hiyo nitakuonyesha kwenye kitabu.

Kila kituo kina OB, kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa kaunta. Zamu ikibadilika alfajiri, anayepokea anaandika: saa 12:00, nimepokea zamu kutoka kwa fulani, mahabusu wanne, wanaume watatu, mwanamke mmoja, wote wazima, pingu jozi mbili, funguo zimekamilika. Anatia sahihi. Hakuna kurukia mstari, hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kusaini pembeni. Sasa, mzee anakuja asubuhi amefunga mgolole, baridi inamtetemesha, anasema mbuzi wake amechukuliwa na anamjua aliyemchukua. Ninamwandikia. Jina, kijiji, rangi ya mbuzi. Ninampa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, kwenye kikaratasi. Kisha nauliza, "Huyo unayemshuku unamjuaje?" Mzee ananitazama. Kila mtu pale nje, mpaka muuza maandazi, anajua kwamba mshukiwa ni mkwewe, kwamba mahari haijaisha kulipwa, na kwamba mbuzi yule ndiye aliyekuwa amebaki. Mimi peke yangu sijui. Nikienda kumkamata, nimegeuza deni la mahari kuwa wizi wa mifugo. Nilijifunza kumwita muuza maandazi kwanza.

Hilo la mkutano wa bajeti nalionea wivu, nakiri. Polisi wetu ni wa taifa, na makao makuu yametoka Lushoto, yakaenda Dar es Salaam, na sasa ni Dodoma. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anawajibika kwa RPC, kamanda wa mkoa, na RPC kwa IGP. Diwani wa Lushoto anaweza kumwomba OCD. Kumwagiza hawezi. Ila usidhani mji hauna namna. Siku kituo kikikosa mafuta ya difenda, ni nani anayechangishwa? Wenye maduka. Na aliyekuchangia mafuta Jumatatu, Alhamisi kijana wake akikamatwa, utamwangaliaje? Mimi ningependelea mchango huo upitie kwenye mkutano wenye kumbukumbu, kama huko kwenu, kuliko upitie mlango wa nyuma wa kituo. Wakubwa wangu wa zamani wakisoma hapa watakunja uso. Wakunje, pensheni yangu imeshatoka.

*Afande, nimeandikiwa RB nikaambiwa nitoe "ya karatasi". Ni halali?* — Msomaji, Mombo

Si halali. RB ni bure, fomu ya PF3, ile ya majeruhi kwenda nayo hospitali, ni bure, dhamana ya polisi ni bure. Omba jina na namba ya anayedai, kwa upole, huku ukitafuta kalamu mfukoni. Mara nyingi karatasi hushuka bei hapo hapo.

*Shikamoo Afande. Babu mzaa baba aliingia polisi miaka ya ishirini, na picha tuliyonayo imeandikwa nyuma "Lushoto". Tungependa kujua alifanya kazi gani huko. Tuanzie wapi?* — Msomaji, Tabora

Marahaba. Anzeni na namba, msianze na jina. Majina ya askari wa zamani yaliandikwa na karani kama alivyosikia: Juma mmoja anaweza kuwa wa Tabora, wa Ujiji na wa Kilwa, wote kwenye orodha moja, na babu yenu huenda aliandikishwa kwa jina la kabila lake au la kijiji alikotoka. Namba ya Jeshi ndiyo haibadiliki. Itafuteni kwenye picha hiyo hiyo, kwa kioo cha kukuzia, begani au kifuani. Tafuteni kwenye medali kama ipo, ukingoni, maana ndipo huchongwa. Cheti cha kuachishwa kazi kikipatikana, namba iko juu.

Mkishaipata, nendeni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Huko kuna majalada ya serikali ya Mwingereza, na ya Mjerumani pia kwa mwenye kuyasoma. Mtaombwa kitambulisho na barua ya utafiti, na hamtaruhusiwa kuingia na kalamu ya wino, kwa hiyo bebeni penseli. Msiombe "jalada la babu". Ombeni ripoti za kila mwaka za Polisi na Magereza za miaka ile, na majalada ya wilaya ya Lushoto na mkoa wa Tanga. Mtakutana na mambo ya posho, viatu, makosa ya nidhamu na uhamisho. Kwenye makosa ya nidhamu msione aibu, askari ambaye hakuwahi kuadhibiwa hakuandikwa popote. Mimi mwenyewe nina siku saba za kukatwa mshahara kwa kulala lindoni, na mjukuu wangu akija kunitafuta, hizo ndizo zitakazomwonyesha nilikuwa wapi.